Spiegel im Spiegel, Different Trains, Black Angels au Feldman: umuwekee mtu ipi kwanza?

Mtu akiniuliza aanzie wapi na huu muziki wa chemba wa kisasa huwa namjibu kwa swali, namuuliza we muziki ukikukera huwa unafanya nini, unazima, unasinzia, unaanza kupiga stori, ama unakaa hapo unabishana nao kichwani? Manake nimeshawawekea watu wengi vipande vinne vilevile, ndugu, marafiki, watu wa kazini, hata mtoto mmoja wa miaka tisa aliyekuwa anachora zake pembeni, na nilichokiona ni kwamba kipande kinachomtuliza huyu ni dawa ya usingizi kwa yule na kwa wa tatu ni adhabu. Kwa hiyo sisemi kipi ni bora, nalinganisha tu watu wanavyokipokea, utachagua mwenyewe kulingana na mtu ulonae.

Kwa ambaye hajui, muziki wa chemba ni ule wa wachezaji wachache, kila mtu na sehemu yake peke yake, hakuna kondakta na hakuna wa kujificha nyuma yake. Inayojulikana zaidi ni kwateti ya nyuzi, yaani vayolini mbili, viola moja na selo moja. Na nikisema wa kisasa hapa nazungumzia vitu vya kama 1970 kuja huku. Watu wakisikia klasiki wanawaza mawigi na mishumaa, alafu unawawekea kitu chenye honi ya treni ndani yake, wanakuangalia kama umewatapeli.

Sasa majibu yenyewe. Nikiyachuja yote yanabaki manne. Spiegel im Spiegel ya Arvo Pärt, watu wanasema "nzuri, weka tena". Different Trains ya Steve Reich, wanasema "subiri, huyo kasema nini?" ama wale wasiopenda wanasema "hii itaisha lini". Black Angels ya George Crumb ni "zima!" Na Morton Feldman, kipande chake chochote cha miaka yake ya mwisho, ni "itaanza lini?" Angalia hayo mawili, itaisha lini na itaanza lini, utadhani ni lalamiko moja kumbe wala, na ukiwachanganya hao watu wawili utamuwekea kila mmoja kipande cha mwenzie.

Tuanze na rahisi. Pärt ni mtu wa Estonia, Spiegel im Spiegel aliiandika 1978, jina ni la Kijerumani, kioo ndani ya kioo, na ni vayolini na piano basi. Piano inapanda noti tatu tatu bila haraka toka mwanzo mpaka mwisho. Vayolini inavuta noti ndefu, mwanzoni mbili tu, inapanda, alafu inafuata sura yake ya kiooni inayoshuka, na kadiri kipande kinavyokwenda mistari inarefuka kwa noti moja moja. Kila ikitoka inarudi kutua kwenye noti ileile ya A, Pärt mwenyewe kafananisha na kurudi nyumbani baada ya kuwa mbali. Basi, ndo kipande chote, unaweza kumueleza mtu kwa sentensi mbili na bado kikamliza.

Na kinaliza kweli. Kuna dada mmoja nilimuwekea jioni katoka kazini hoi, kakaa na koti lake hajalivua, zile dakika tisa kumi hakusogea hata kidole, kilipoisha akasema weka tena, nikaweka, akasema weka tena. Ukimwangalia mtu anayesikiliza hiki kipande utaona mabega yanashuka na pumzi inaanza kufuata piano, hakuna anayemwambia afanye hivyo. Na wengi wanakuwa washakisikia bila kujua, kimetumika kwenye filamu nyingi sana hasa zile sehemu za mtu anaangalia dirishani, kwa hiyo hata mgeni kabisa anajiona kama yuko na mtu anayemfahamu.

Ila mi nina ugomvi na hiki kipande kama mlango wa kuingilia. Nimekaa nikahesabu niliowaanzishia na Pärt, karibu wote walikipenda, na karibu wote waliishia hapohapo. Waliniomba kingine "kama hiki", nikawapa Fratres ya 1977 ambayo ina meno zaidi, wakasema mmm ile ya kwanza ilikuwa bora. Yaani kinampa mtu kila anachotaka, anaondoka kashiba. Tena kuna jambo watu hawalijui, kwamba kabla ya hapo Pärt alikuwa anaandika muziki mgumu wa noti kumi na mbili, kolaji yaani kubandika vipande vya miziki mingine, vurugu, alafu mwishoni mwa miaka ya 60 akaachana na huo mtindo, akaingia kwenye miaka ya ukimya wa kusoma muziki wa zamani wa kanisani, ndo 1976 akatoka na huu mtindo mwepesi. Wepesi wake aliulipia. Msikilizaji yeye anapokea bure, na labda ndo maana kinamtoka haraka.

Kabla sijaenda kwa Reich niseme kitu kimoja kinachosaidia kuelewa vyote vinne. Leonard Meyer, mwanazuoni wa Marekani, aliandika mwaka 1956 kwamba hisia kwenye muziki kwa sehemu kubwa zinatokana na matarajio, unabashiri kinachofuata, alafu muziki unakupa, unakuchelewesha ama unakunyima. Mi naona hapo ndo tofauti ilipo. Pärt anakuacha ubashiri na unapatia kila mara. Reich unapatia, unapatia, unapatia, alafu anabadilisha kitu kidogo na unashtuka kwamba ulikuwa umejisahau. Crumb hupatii hata mara moja. Feldman unasahau ulibashiri nini.

Different Trains ni ya 1988, kwateti ya nyuzi na tepu yenye kwateti nyingine zilizorekodiwa, kama dakika 27, iliandikiwa kundi la Kronos Quartet na ikapata Grammy ya utunzi mwaka 1990. Stori yake ni hii, Reich akiwa mtoto wazazi wake walikuwa wametengana, baba New York mama Los Angeles, akawa anasafiri kwa treni huku na huku pamoja na yaya wake, kati ya 1939 na 1942 hivi. Yeye ni Myahudi. Ukubwani akaja kufikiri kwamba angekuwa Ulaya miaka hiyohiyo angepanda treni nyingine kabisa. Kwa hiyo akamrekodi yule yaya, akamrekodi mzee mmoja mweusi aliyewahi kufanya kazi kwenye mabehewa ya kulala, akachukua na rekodi za manusura wa mauaji ya Wayahudi, akakata vipande vya maneno yao. Alafu, na hapa ndo ujanja ulipo, akaandika kwa noti jinsi sauti zao zinavyopanda na kushuka wanapoongea, akawapa ala waige. Viola inaiga sauti za wanawake, selo sauti za wanaume. Yaya anasema kutoka Chicago kwenda New York na viola inasema hivyohivyo, inarudia, inarudia, chini yake nyuzi zinakwenda takataka takataka kama magurudumu.

Ukimuwekea mtu hii angalia uso wake dakika mbili za mwanzo. Kwanza anasikia treni, hiyo kila mtu anaisikia. Alafu anasikia mtu anaongea, anakunja uso ajaribu kushika maneno. Alafu kuna wakati, kwa wengi ni mara ya tatu ama ya nne sentensi inarudi, anagundua kwamba viola ndo inaongea, na hapo kichwa kinainuka. Hicho kichwa kuinuka ndo sababu mi naipenda hii kuliko zote kwa mtu mgeni, manake kagundua mwenyewe, hukumwambia. Jamaa mmoja baada ya kusikiliza alishinda wiki nzima anaiga watu, mtu akisema "haya basi" kwenye simu anamrudishia kwa kupiga mluzi, haya-ba-si, inashuka hivi, na kweli inashuka, tulikuwa hatujawahi kuisikia. Muziki ukikubadilishia namna unavyosikia watu wakiongea umefanya kazi kubwa sana, sijui kingine unataka nini.

Alafu inakuja sehemu ya pili, Ulaya wakati wa vita. Honi za treni zinageuka ving'ora vya hatari, mwendo unapungua, sauti ni za wale manusura. Sijawahi kuona mtu anaongea hapo. Hata wale waliokuwa na simu mkononi wanaiweka chini, sio kwa heshima, ni kwamba mkono umechoka tu. Sehemu ya tatu ni baada ya vita, inarudi Marekani, na mwisho kabisa manusura mmoja anasimulia kuhusu binti aliyekuwa na sauti nzuri, Wajerumani walikuwa wanapenda kumsikiliza anaimba, akinyamaza wanamwambia aendelee, aendelee, na wanapiga makofi. Muziki unaishia hapo. Sasa fikiria uko ukumbini, neno la mwisho lililosemwa ni kuhusu watu waliopiga makofi, na sasa ni zamu yako kupiga makofi. Mi mara ya kwanza kuiona laivu mikono yangu ilibaki mapajani, jirani yangu akapiga taratibu kama anaomba radhi, kulikuwa na kimya cha ajabu kabla ukumbi haujaamua.

Wasioipenda wana sababu mbili. Ya kwanza ni kurudia, kuna mtu kurudia kunamtia wazimu na huyo usimlaumu, ni hali ya kawaida kabisa. Mwaka 1973 walipopiga Four Organs ya Reich huyuhuyu pale ukumbi wa Carnegie Hall, New York, oganu nne za umeme na manyanga, kodi moja, yaani noti kadhaa za pamoja, inavutwa inavutwa inavutwa mpaka inakuwa ndefu kama siku ya njaa, sehemu ya watu ukumbini walizomea na kupiga kelele isimame. Different Trains ina maneno na stori ndo maana inavumilika zaidi, ila mgonjwa wa kurudiwa bado ataumwa. Sababu ya pili ni nzito kidogo, kuna wasikilizaji wanaosema haifai kuchukua maneno ya manusura ukayakata ukayafanya mdundo. Mi sikubaliani nao lakini siwezi kusema wamekosea, na kama unajua uliyenae yatamgusa vibaya mwambie mapema kilichomo. Hii ndo pekee kati ya nne ambayo maelezo kabla ni lazima. Dakika moja inatosha, treni mbili, miaka ileile, basi.

Twende Black Angels. 1970, kwateti ya nyuzi iliyotiwa umeme, Crumb aliimalizia Ijumaa tarehe 13 Machi mwaka huo na akaandika kwenye karatasi kwamba ni wakati wa vita, vita yenyewe ni Vietnam. Ina sehemu 13 fupi fupi, na namba 13 na 7 zimefichwa kila mahali ndani yake. Inaanza bila salamu, sehemu ya kwanza inaitwa usiku wa wadudu wa umeme na ndo hivyo inavyosikika, vayolini zinalia juu kabisa zinatetemeka kama nyuki wameingia kwenye sikio. Kosa langu la kwanza na kubwa nilimuwekea mtu kwa hedifoni, sauti nimeiacha palepale tulipokuwa tunasikiliza Pärt. Sekunde tatu. Alizirusha mezani na akanitazama kana kwamba nimempiga kibao. Hatukuendelea siku ile.

Wanaosema "zima" wengi wanasema pia "ni kama filamu ya kutisha", na hawajakosea, kipande cha hii kwateti kimo kwenye The Exorcist ya 1973. Lakini angalia kilichotokea hapo, filamu za kutisha zilichukua sauti za muziki wa namna hii zikatufundisha kwamba hii maana yake ni shetani, sasa tukiisikia yenyewe tunasikia shetani. Msikilizaji anajibu filamu, hajajibu muziki bado. Yule mtoto wa miaka tisa ambaye hajaona hizo filamu hakuogopa hata kidogo, alicheka, akasema wadudu, akaendelea kuchora. Nilifurahi mpaka nikamwekea tena.

Na kuna kitu humo ndani ambacho sisi tunaoongea Kiswahili tunakipata peke yetu. Wachezaji wanahesabu kwa sauti, wananong'ona na kupiga kelele za namba kwa lugha tofauti, kuna Kijerumani, Kifaransa, Kirusi, Kihungari, Kijapani, na Kiswahili. Ndio, Kiswahili, kwenye kwateti ya Mmarekani ya 1970. Msikilizaji wa kwingine anasikia mizimu tu inahesabu, mtu wetu anakaa wima, "eh, kasema nini huyo, rudisha nyuma", na akisharudisha nyuma mara mbili kutafuta hiyo namba kashasikiliza dakika tano za muziki mgumu bila kujijua. Mi huwa simwambii mtu mapema. Sasa nimekuharibia wewe, samahani.

Ila sehemu inayobadilisha watu ni ya kumi. Wachezaji watatu wanaweka ala zao, wanachukua pinde na kusugua kingo za glasi za kioo zenye maji, zinatoa sauti kama mwanga, na juu yake selo peke yake inaimba taratibu. Baada ya zile kelele zote. Kwenye rekodi ni nzuri, laivu ni kitu kingine. Ukumbini watu wanapoona wanamuziki wanainamia glasi huwa kuna kicheko kidogo, alafu sauti inatoka na kicheko kinakatika, unasikia kabisa kinavyokatika. Na kabla ya hapo kuna wimbo wa Schubert, mtunzi wa zamani, uliogeuzwa kuwa kama umechimbuliwa kaburini. Watu waliokimbia sekunde ya tatu hawatajua kwamba hivi vyote vilikuwemo, na ndo lawama yangu kwa Crumb kama ana lawama, mlango wake umewekwa mbwa.

Lakini wanaobaki wanabaki. Mpiga vayolini David Harrington aliisikia redioni mwaka 1973 na ndo ikamfanya aanzishe Kronos Quartet pale Seattle, walewale waliokuja kumpigia Reich. Hiyo ni kubwa kidogo, kwetu sisi wa kawaida ni kwamba mtu anarudi baada ya wiki anauliza ile ya glasi inaitwaje. Pärt kanipa watu wengi waliosema nzuri na kuondoka, Crumb kanipa wachache, nusu walichukia, na hao wengine mpaka leo ndo ninaokwenda nao konseti.

Feldman nitamaliza haraka, sio kwamba simpendi. Morton Feldman, Mmarekani, alifariki 1987, miaka yake ya mwisho aliandika vitu virefu na vya sauti ya chini mno. Kwateti yake ya pili, ya 1983, ikipigwa yote inakwenda kama masaa sita. Masaa sita, hujakosea kusoma. Usianze na hiyo. Mi natumia Piano and String Quartet ya 1985, ambayo ni kama dakika 80, kitu kimoja kisichokatika, piano inamwaga kodi noti moja baada ya nyingine, nyuzi zinashikilia pumzi, kimya, tena, karibu sawa na mwanzo lakini sio sawa. Alikuwa akisema kwamba mpaka saa moja unafikiria umbo, ukipita saa moja na nusu inakuwa ni habari ya ukubwa. Ni kweli, dakika kumi na tano za kwanza watu wanateseka, wanasubiri ianze, wanabadilisha mguu, wanasikia friji, wanasikia tumbo lao. Kama kwenye dakika ya ishirini hajaondoka kuna kitu kinaachia, hasubiri tena, na baadae akitoka nje atakwambia magari yalikuwa na sauti nzuri. Wengi lakini watalala. Mi nimelala pia, mara mbili, na niliamka bado wako palepale, sikuona kama nimekosa adabu.

Sasa kuna vitu vinavyobadilisha majibu kuliko hata kipande chenyewe, na cha kwanza ni kusikiliza mara ya pili. Mtunzi Schoenberg alilijua hili zamani, mwaka 1918 alianzisha kule Vienna chama cha kupiga muziki mpya kwa faragha, waandishi wa kuhakiki hawaingii, kupiga makofi marufuku, kuzomea marufuku, watu hawaambiwi mapema kitapigwa nini, na vipande vigumu vinarudiwa. Alikuwa na sababu, miaka kumi kabla yake kwateti yake ya pili ilipopigwa hapohapo Vienna watu walicheka na kuzomea kiasi cha kuvuruga onyesho. Na mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha 1968 kwamba mtu akikutana na kitu mara nyingi, hata bila kukielewa, huwa anaanza kukipenda. Ila haiendi sawa kwa vyote vinne kwa nilivyoona mimi. Crumb anafaidika zaidi, mara ya pili mshtuko umeshajulikana uliko na masikio yanapata nafasi ya kusikia mengine. Reich anafaidika, unaanza kufuata kila ala. Pärt mara ya pili ni nzuri, ya kumi inaanza kuwa kama ukuta uliopakwa rangi. Feldman hakuna mara ya pili, nani ana dakika 80 nyingine, lakini ajabu ni kwamba nusu yake ya mwisho ndo mara ya pili ya nusu ya kwanza.

Cha pili ni chombo. Black Angels usitumie hedifoni kwa mgeni, tumia spika, asimame mbali, aweze kucheka. Different Trains ni kinyume, hedifoni ni bora, manake zile kwateti zilizorekodiwa zinalaliana na ya mbele na kwenye spika ndogo ya simu yote inakuwa uji. Pärt weka popote, hata spika mbovu itajikaza. Feldman kama una nafasi ya kumpata laivu nenda, manake sauti ya chini hivyo ikiwa na watu hai wanaoishikilia mbele yako unaishikilia nao, nyumbani utaishia kwenda kufungua mlango.

Cha tatu, usimuulize mtu "umependa?" kikiisha. Hapo unamlazimisha apige kura na atakupa ile nzuri ya adabu. Muulize umesikia nini. Mmoja aliniambia kwenye Different Trains kasikia mama yake anamwita kutoka mbali, hakuna kitu kama hicho kwenye kipande, lakini kilikuwa kimeingia.

Kwa hiyo ukitaka uamuzi wangu, mtu mmoja kachoka na hataki maswali, Pärt, na usitegemee atakuomba zaidi. Kundi la watu, hasa wanaopenda mazungumzo na stori, Reich bila kufikiri mara mbili, isipokuwa kama kuna anayechukia kurudiwarudiwa. Mtu anayesikiliza metali, ama anayependa kelele za kompyuta, ama kijana anayejiona kashasikia kila kitu, huyo mpe Crumb moja kwa moja, ndugu zake hao. Mtu wa itaisha lini mpe Crumb pia, hakuna kinachorudi sana humo na inakwisha ndani ya dakika 20 hivi. Mtu wa itaanza lini usimpe Feldman kabisa, mpe Reich, treni imeshaondoka yeye hajakaa. Feldman ni kwa yule anayeweza kukaa kimya garini na mwenzie safari nzima na wote wakaona sawa. Wapo, sio wengi.

Mi wiki hii nina shemeji anakuja, ni mtu wa kuzima vitu haraka na hana aibu nayo. Nimeamua nimuwekee Black Angels kwa spika, sauti ya chini, ila naanzia sehemu ya kumi ya glasi, akisema hii nini ndo narudisha mwanzo kwa wadudu. Kama akizima atakuwa keshasikia glasi.